Biashara yangu ilikaribia kufa siku ilianza kukua



Siku hizi kila finalisti anasikia neno moja, ku kanisa, mu familia, hata siku ya kolasio: "Usingoje kazi, anzisha biashara yako." Neno hilo ni zuri, na mimi nililifuata. Lakini hakuna mtu alinieleza kile kinafuata nyuma ya kuanza. Kuanza si njo kazi ngumu. Na dola 700 mtu anaweza kuanza. Kazi ngumu ni kutoka pa kidogo kwenda pa kikubwa bila kuanguka katikati ya njia.

Mimi nilianguka. Nitawaeleza vile nilianguka, na hesabu zote, sababu naona wengi kati yetu wamesimama leo pale nilisimama mwanzo wa mwaka 2024: biashara ndogo inatembea, makuta kidogo yanaonekana, na roho inasema "ongeza, ongeza." Nitasema juu ya kuku wa mayai, kwani njo kazi yangu. Lakini kama wewe unashona nguo, unapika chakula ama unauzisha unga, badilisha tu majina. Hesabu ni ileile.

Neno lenyewe ni hili: kukua kunakula mbele ya kuleta. Yule asiyehesabu kile kukua kutakula, atakula makuta ya watu.

KUKU 50

Nyuma ya kumaliza agronomi hapa Lubumbashi, nilipata kandarasi ya miezi 8 ya kupima mashamba ya wakulima. Kandarasi ikaisha, nikabaki na dola 700. Mwezi wa tatu mwaka 2023 nilinunua kuku 50 wa wiki 18, wale wanakaribia kuanza kutaga, dola 9 kila mmoja: dola 450. Dola 150 zikaenda ku mbao, waya na malata ya zamani, nikajenga nyumba ya kuku mu lupango ya wazazi, komine Annexe. Dola 100 zilizobaki zikawa chakula cha mwanzo.

Kuku wakataga vizuri. Kwa wastani nilikuwa naokota mayai 42 kila siku. Kwa mwezi hiyo ni mayai 1260, ni kusema plato 42 za mayai 30. Plato moja nilikuwa nauzisha dola 5 na nusu kwa majirani, ku vioski, na kwa wale wamama wanauzisha mkate na mayai asubuhi. Dola 231 kwa mwezi. Kuku mmoja wa mayai anakula karibu gramu 115 kwa siku. Kuku 50 wanakula kilo 172 kwa mwezi, mifuko 3 na nusu. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa dola 30. Chakula: dola 105.

Nikafanya hesabu mu kichwa: 231 kutoa 105, inabaki 126. Nikaambia marafiki: "Ninapata dola 126 kwa mwezi na kuku 50. Nikiwa na 300, nitapata zaidi ya dola 700." Hakuna mtu alinipinga. Hesabu ilikuwa inaonekana safi kabisa.

Haikuwa safi. Tazama vitu ambavyo sikuandika.

Moto ya kupeleka mayai na kuleta chakula: dola 15 kwa mwezi. Dawa, vitamini na chanjo: dola 8. Vumbi la mbao la kutandika chini: dola 4. Nyumba ya kuku ya dola 150 haitadumu milele. Nikiigawa ku miaka 3, ni dola 4 kwa mwezi. Mayai yaliyovunjika, na yale dada zangu walikuwa wanakamata ya kupika: plato 2, dola 11. Na kile nilisahau kabisa: kuku wenyewe wanazeeka. Nililipa dola 450. Nyuma ya miezi 13 wakichoka ningeuzisha labda 46, dola 6 kila mmoja, dola 276. Ile tofauti ya dola 174 imeliwa na wakati. Ni dola 13 kila mwezi, hata kama hakuna mtu anazitoa mu mfuko.

Jumla: dola 55. Faida ya kweli haikuwa 126, ilikuwa 71. Na mu ile 71 bado sikujilipa hata franka moja, mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja kila siku, hata ya Mungu.

Dola 71 juu ya mtaji wa dola 700 si mbaya hata kidogo. Ubaya ulikuwa kupanga kukua na hesabu ya 126.

VIFARANGA 300

Mama yangu anauzisha unga, maharagi na kapenta ku soko ya Kenya. Yeye na wamama wengine 9 wanacheza likelemba: kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anabeba dola 1000. Mwezi wa pili mwaka 2024 zamu ikafika kwa mama. Nilikuwa na akiba ya dola 400. Nikamwomba ile 1000 yake, nikamwahidi kwamba ile miezi 8 iliyobaki mimi njo nitatoa dola 100 pa fasi yake. Mama akaniuliza swali moja tu:

"Ile kuku yako itaanza kuzala mayai mwezi gani?"

"Mwezi wa saba, mama."

"Na toka sasa mpaka mwezi wa saba, itakula nini?"

Nikacheka. Nikamwambia asiogope, mimi nilisomea ile kazi.

Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga 300 wa siku moja, dola 1,7 kila mmoja: dola 510. Nyumba mpya, dola 420. Makala ya kuwapa joto, chanjo ya Newcastle na ya Gumboro, sahani za maji: dola 90. Mu ile 1400, nikabaki na dola 380.

Sasa sikilizeni vizuri. Toka siku ya kwanza mpaka kuanza kutaga, kuku wa mayai anakula karibu kilo 7. Hiyo nilijifunza mu fakilte, nikaiandika mu mtihani, nikapata pointi. Kilo 7 mara 300 ni kilo 2100. Ni mifuko 42. Kwa bei ya dola 30, ni dola 1260. Mimi nilikuwa na 380. Ile hesabu ya kuzidisha inafanywa mu dakika moja ku telefone. Sikuifanya. Nilikuwa naangalia tu ile 700 ya kila mwezi iliyokuwa inaningoja mbele.

Halafu bei nayo ikapanda. Wote tulioishi hapa mwaka 2024 tunakumbuka. Katanga inakula mahindi mengi ya Zambia, na mwaka ule ukame uliharibu mashamba ya kule. Mwisho wa mwezi wa pili serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Kwangu mfuko wa chakula cha kuku ulitoka dola 30 ukafika 37.

Mwisho wa mwezi wa ine, wiki ya 8, zile dola 380 zikaisha. Vifaranga walikuwa bado kula hata nusu ya kile walipaswa kula. Mwezi wa tano nikauzisha kuku wa zamani, 44 waliobaki, dola 264. Walikuwa wamechoka, kweli, lakini makuta yao yalipaswa kununua wengine wa kuwabadilisha. Nikanunua mifuko 7. Wale wadogo waliimaliza kwa siku 25.

Na sasa sikukuwa na yai hata moja la kuuzisha. Vioski vilikuwa na madeni yangu, plato 38 kwa jumla, dola 209. Nilipoanza kuzunguka kudai, nilijifunza kitu ambacho hakuna profesa alifundisha: mtu anakulipa deni la zamani sababu anataka mzigo mpya. Siku hauna mzigo mpya, deni la zamani linalala. Mu zile 209 nilipata 60.

Mu wiki tatu zilizofuata nikawapa kuku pumba ya mahindi na vitu kidogo kidogo tu. Wakakonda. Wengine wakakua, wengine wakabaki wadogo. Kundi likapoteza usawa. Wiki ya 14, mwezi wa sita, nikaamua. Mu 300 walikuwa wamekufa 18. Nikauzisha 162 kwa dola 3 na nusu, bei ya hasara, ili kuokoa 120. Nikapata dola 567. Karibu dola 466 zikalisha wale 120 mpaka wakaanza kutaga, nusu ya mwezi wa nane, wiki ine nyuma ya siku yao.

Na hawakutaga vizuri. Kundi lililolelewa vizuri linaweza kufika mayai 90 kwa kuku 100 wakati wa nguvu yake. Langu lilisimama pa 65. Mayai 78 kwa siku pa fasi ya zaidi ya 100. Ile njaa ya wiki tatu nilidhani ni kufunga mkanda. Ilinigharimu mwaka mzima.

Na likelemba? Nilitoa dola 100 mwezi wa tatu, na mwezi wa sita, na wa tisa, na wa kumi. Mwezi wa ine, wa tano, wa saba na wa nane, mama alitoa mwenyewe. Dola 400. Alizitoa mu mtaji wake. Alikuwa na meza mbili ku soko. Akabaki na moja. Hakunigombeza. Siku moja tu, nilipompelekea plato ya mayai, aliniuliza: "Hii umeiandika?" Nikanyamaza.

Siku ile nilinunua kaye. Masomo haya yanatoka mu kaye ile.

SOMO LA 1: JUA BEI YA KUTENGENEZA KITU KIMOJA

Usiseme "napata dola kadhaa kwa mwezi." Sema "yai moja linanigharimu ngapi." Kamata vyote ulivyotoa mu mwezi: chakula, moto, dawa, na kipande cha vile vinavyozeeka, kama nyumba, mashine, kuku. Gawa ku vitu ulivyouzisha kweli, si vile ulivyotengeneza. Mwaka 2023 nilitoa dola 149 kwa mayai 1200 yaliyouzishwa. Yai moja: senti 12 za dola. Niliuzisha senti 18. Nafasi kati yao ni senti 6. Chakula kikipanda kutoka 30 mpaka 37 na kuku wakashuka mpaka 65, chakula peke yake kinafikisha yai pa senti 13. Senti zako 6 zinayeyuka mbele ya macho, na wewe unaendelea kuokota mayai ukidhani unafanya biashara.

Fundi nguo, hesabu uzi, mashine na umeme wa suruali moja. Wewe unayepika, hesabu makala ya sahani moja. Bila namba hiyo, kukua ni kucheza bahati nasibu.

SOMO LA 2: MBELE YA KUONGEZA, HESABU MIEZI YA KULA BILA KULETA

Kila biashara iko na wakati ambapo makuta yanatoka na hayarudi bado. Kwa vifaranga wa mayai ni karibu miezi 5. Kwa mahindi ni miezi 4 na zaidi. Kwa nguo za sare, ni toka siku unanunua kitambaa mpaka siku mteja analipa. Kwa unga, labda ni wiki moja. Wakati huo ukiwa mrefu, kukua kunataka makuta mengi zaidi ya yale ya kununua kitu chenyewe.

Tazama kwangu: vifaranga walikuwa dola 510, lakini kuwafikisha pa yai la kwanza kulitaka dola 1260 zingine. Watu wanaangalia bei ya kuingia, hawaangalii bei ya kungoja. Njo vile unaona ku kartie nyumba za kuku tupu, mashine za kusaga zimefunikwa, friji za kuuzisha maji baridi zimekuwa kabati. Wengi wao hawakukosa akili wala nguvu. Walikosa makuta ya kungoja.

Kanuni yangu sasa: makuta yote ya kundi jipya yanakuwa ku pembeni mbele ya kifaranga wa kwanza kuingia. Kundi la vifaranga 60 linanitaka hivi: vifaranga 102, chakula kilo 420 karibu dola 270, chanjo na makala 35, na 40 za mambo yasiyojulikana. Karibu dola 450. Zikiwa 300 mu mkono, ninangoja. Kungoja kunauma, lakini hakuuzishi meza ya mama.

SOMO LA 3: PANDA NGAZI MOJAMOJA

Pa fasi ya kuingiza 300 siku moja, ninaingiza 60 kila nyuma ya miezi 5. Leo niko na makundi matatu. Moja likiwa dogo linakula tu, mawili makubwa yanataga na kulilisha. Moja likichoka na kuuzishwa, lingine liko linaanza. Sikosi mayai hata wiki moja, na mteja wa kioski hana sababu ya kunikimbia.

Kwa wale wa kuku, neno moja la agronomi: kuku wa umri tofauti hawakai pamoja, sababu wakubwa wanapatia wadogo magonjwa. Kila kundi na nyumba yake. Asubuhi unaanza kwa wadogo, unamalizia kwa wakubwa, na viatu vya nyumba moja haviingii mu nyingine. Hiyo haigharimu kitu, inataka tu adabu.

SOMO LA 4: DENI SI MAUZO

Plato 38 za deni zilikuwa dola 209. Kwa bei ya 2024 hiyo ni mifuko 5 na nusu ya chakula. Ingelisha wale wadogo karibu siku 20, pale pale walipoanza kukonda. Mimi nilikuwa na njaa mu nyumba ya kuku na utajiri mu vioski vya watu.

Sikatai deni kabisa. Hapa kwetu, ukikataa deni hautauzisha. Lakini liwekee mpaka: mteja anakamata mzigo mmoja, analipa siku unaleta wa pili. Analipa wa zamani mbele ya kugusa mpya. Andika jina, tarehe na hesabu, halafu mwonyeshe palepale. Yule anakasirika sababu umeandika, alikuwa anapanga kusahau. Na rafiki zako wa promosio njo wa kwanza kuwekewa kanuni, kwani wao njo wanajua kukuambia "tuko pamoja" pa fasi ya kulipa.

SOMO LA 5: JILIPE, NA ANDIKA HATA YAI LA NYUMBANI

Nilikuwa sijilipi, kwa hiyo nilikuwa nachota kidogo kidogo: yuniti za telefone, beneti ya ndoa ya rafiki, dawa ya mtoto wa dada. Hakuna hata moja lililokuwa baya. Zote pamoja zilikuwa shimo.

Sasa ninajilipa dola 40 kila mwezi, na yai linapolipia ile 40, njo ninasema kuna faida. Makuta ya kuku yako ku namba moja ya M-Pesa, yangu ku namba nyingine. Mayai ya nyumbani yanaandikwa: plato 2 kwa mwezi, zawadi ya biashara kwa familia. Dada zangu wakitaka ya tatu, wanalipa. Mwanzoni walisema lisansi imenifanya mchoyo. Nikawaonyesha kaye. Wakafanya hesabu wao wenyewe.

Na hapo niongeze kitu ambacho wengi hatujui. Inchi yetu iko mu OHADA toka tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya biashara ya OHADA inamjua mfanyabiashara mdogo, yule anaitwa kwa Kifaransa "entreprenant". Sheria hiyo inamtaka awe na kitabu, aandike ndani yake siku kwa siku makuta yametoka wapi na yametumika nini. Ni kusema, kile mama aliniuliza na neno moja, "umeiandika?", sheria inakitaka pia. Na siku moja utaenda kuomba mkopo: kitu cha kwanza cha kukuamini nacho ni kaye ile, si diplomu iliyo ku ukuta.

SOMO LA 6: LINDA KILE KITU KIMOJA KINAWEZA KUKUUA

Kila biashara iko na kitu kimoja ambacho kikikosekana ao kikipanda bei, yote inasimama. Kwangu ni mahindi. Zaidi ya nusu ya chakula cha kuku wa mayai ni mahindi. Na mwezi wa nane mwaka 2024, wakati Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, mji mzima uliona vile tunakula kutoka kwa jirani.

Siwezi kufungua mpaka. Lakini ninaweza kununua mahindi wakati wa mavuno, mwezi wa tano na wa sita, wakati wakulima wa pembeni ya mji wanauzisha na bei iko chini, pa fasi ya kununua mfuko kwa mfuko mwezi wa kwanza wakati kila mtu analia. Mwaka 2025 njo nilianza: tani moja. Lazima yawe makavu kweli, unyevu usipite asilimia 13. Ukitafuna punje inavunjika kwa sauti, haikunjiki. Mahindi mabichi yanafanya ukungu, na sumu ya ukungu ule, aflatoksini, inaharibu ini la kuku na kushusha mayai. Mifuko inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila wiki mbili unaingiza mkono kutafuta wadudu.

Jiulize wewe: kile kitu changu ni nini? Umeme? Dola? Mtu mmoja anayeniletea bidhaa? Mteja mmoja anayenunua nusu ya vyote? Ukishakijua, tafuta njia ya pili mbele ya siku mbaya.

PALE NIMEFIKA

Nisiwadanganye na mwisho mtamu. Leo niko na kuku karibu 170, si 300. Zile dola 400 za mama nilizirudisha kidogo kidogo, nikamaliza mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025. Lakini meza yake ya pili ku soko haikurudi. Mama mwingine alishaikamata, na wateja wa fasi ile wamezoea mtu mwingine. Deni linarudishwa, nafasi hairudi kila mara. Kitu hicho sikuwa nimekiweka mu hesabu yoyote, na sijui hata mngekiandika mu kolone gani.

Mama amerudi ku likelemba. Mwaka huu zamu yake iko mwezi wa saba. Sikumwomba kitu. Yeye njo aliniita jioni moja, akaniambia nilete kaye. Akapitisha kidole ku kila mstari, pole pole, akafika ku ule wa plato 2 za nyumbani. Akasema: "Sasa unaweza kuniomba." Nikamjibu kwamba bado, ninangoja zifike 450.

Wewe unayesoma na biashara yako inaanza kutembea, fanya kitu kimoja leo mbele ya kulala. Kamata kaye, andika namba tatu: kitu kimoja kinakugharimu ngapi, ukiongeza, utakula miezi mingapi bila kuleta, na makuta ya miezi hiyo yako wapi. Kama namba ya tatu ni jina la mtu, kwanza kaa naye chini umwonyeshe zile mbili za kwanza.